Debe Linalovuma Mchangani

Wapenzi wa Banshee hujulikana kabla hawajaonekana. Kwanza unasikia mlio, kama nyigu elfu waliofungiwa ndani ya mtungi. Halafu moshi wa samawati. Halafu, akishavua helmeti, unapewa mhadhara: ati injini ya mipigo miwili ndiyo mfalme wa mchanga, ati za mipigo minne ni za wazee na watalii, ati dunia iliharibika siku Yamaha ilipoacha kuuza ile mashine. Mhadhara huu ulianzia kwenye vilima vya mchanga vya California, ukasambazwa na video, na siku hizi unaweza kuupata kwa msee wa Umoja ambaye amekanyaga mchanga wa Mambrui mara moja tu, wikendi ya Krismasi, lakini msimamo anao tayari.

Nasema hivi: kwa kupanda na kushuka vilima vya mchanga, kwodi ya fo-stroki ni bora kuliko ya tu-stroki, na pengo si dogo. (Hayo ndiyo majina ya mafundi wa Grogan, nami nitayatumia.) Wanaobisha wanatetea sauti. Kupenda sauti si dhambi. Lakini ukimuuzia kijana sauti ukimwambia ni nguvu, kuna siku atalipa kwa mfupa wake.

Tuanze na injini zenyewe, maana ubishi mwingi ungeishia hapo kama watu wangefungua silinda badala ya mdomo. Katika tu-stroki, pistoni ikipanda na kushuka mara moja kazi imekwisha: kila kranki inapozunguka kuna mlipuko. Fo-stroki hutaka mizunguko miwili kwa mlipuko mmoja: kuvuta hewa na petroli, kubana, kulipua, kutoa moshi. Ndiyo maana tu-stroki ndogo inaweza kuaibisha injini kubwa kuliko yenyewe. Haina valvu wala tapeti. Ina matundu kwenye ubavu wa silinda, na pistoni ndiyo mlango. Shida ni kwamba mgeni anaingia wakati mwenyeji bado anatoka. Petroli mbichi inaingia huku moshi wa zamani ukisukumwa nje, na sehemu ya petroli hiyo, mara nyingine robo nzima, inatoroka kupitia ekzosi bila kuungua. Oili nayo haina makao. Inachanganywa na petroli, inapaka ringi na beringi ikipita, kisha inachomwa na kuwa ule moshi.

Sisi si wageni wa injini hii. Mvuvi wa Lamu mwenye mashine ya Yamaha nyuma ya boti anajua kipimo cha oili kama anavyojua majina ya wanawe. Mwenye pawasoo anajua. Na kama uliwahi kumwona afisa wa mifugo akiingia kijijini na Yamaha AG100, ile harufu iliyobaki njiani ilikuwa ya tu-stroki. Ni injini iliyolisha watu, na baharini bado inalisha. Siidharau. Nakataa tu ipewe taji la mchanga.

Sasa Banshee yenyewe. Yamaha iliiuza Marekani kuanzia 1987 hadi 2006: silinda mbili, sentimita za ujazo 347, gia sita, injini inayopozwa kwa maji. Jina lake lilijengwa Imperial Sand Dunes, mahali ambapo waendeshaji hupaita Glamis, kusini-mashariki mwa California karibu na mpaka wa Mexico. Ni ukanda wa mchanga wa takriban kilomita 70 kwa urefu. Kama uliona filamu ya Return of the Jedi, lile jangwa lenye shimo la kumeza watu lilipigwa picha kwenye vilima hivyo. Kuna kilima kimoja, Oldsmobile Hill, ambako watu hujipanga chini na kushindana nani atafika juu kwanza. Hapo Banshee iliyopitia mikono ya fundi, yenye ekzosi kubwa na tairi za nyuma zenye mbavu kama makasia, ilikuwa moto wa kuotea mbali. Hilo nalikubali bila kung'ang'ana. Kwenye mbio za mstari mmoja, za sekunde chache, kelele ile ina kitu nyuma yake.

Lakini siku ya mchanga si sekunde chache. Ni saa nne, tano za kupanda, kushuka, kukata kona kwenye ubavu wa kilima, kusimama, kuondoka tena. Na hapo ndipo tu-stroki inapoanza kukudai.

Nguvu yake imekaa juu. Kwenye mizunguko ya chini injini imelala. Ukifika kiwango fulani, mawimbi ya shinikizo ndani ya ekzosi yanaanza kuirudisha ile petroli iliyotaka kutoroka, na ghafla mashine inaruka. Waendeshaji wanaishi kwa ajili ya mruko huo. Mchanga hauna habari nao. Mchanga hushika tairi kila wakati, hata kwenye tambarare, kama mtu anayekuvuta shati. Ukiwa nusu ya kilima na mizunguko ikateremka chini ya ule mstari, nguvu haipungui pole pole, inakata. Unabaki kubana klachi, kuachia, kurudisha gia, huku gurudumu likijichimbia kaburi. Fo-stroki kubwa ya silinda moja, kama Raptor 700 yenye sentimita za ujazo 686, huvuta kutoka chini. Ukikosea gia inaguna kidogo, kisha inaendelea kupanda.

Kisha kuna kilele. Kilima cha mchanga kina pande mbili: upande unaopigwa na upepo umelala, na upande wa pili umekatika kama ukuta uliolegea. Ukiwa chini huoni upande ule. Unatakiwa kufika juu na mwendo wa kutosha usikwame, lakini usizidi ukarushwa hewani kuelekea mahali ambapo pengine mwenzako ameanguka. Kazi hiyo yote inafanywa na kidole gumba, maana hicho ndicho kinachoongeza mafuta kwenye kwodi. Kwa fo-stroki, kidole kikisogea kidogo unapata kidogo. Kwa tu-stroki iliyokaribia mruko wake, kidole kikisogea kidogo unaweza kupata kila kitu. Anayeanza kuendesha hana kidole cha namna hiyo, na hata mzoefu, akichoka saa kumi jioni, anakipoteza.

Halafu kuna kuzima, na kila injini huzima siku moja. Banshee huwashwa kwa kiki peke yake. Hebu jiweke kwenye mteremko, pua ya kwodi ikitazama mbinguni, mkono umebana breki, jua la saa saba linakuchoma shingo, na unatafuta pa kukanyaga upige kiki huku mchanga ukikimbia chini ya kiatu. Kwenye Raptor 700 unabonyeza kitufe. Ukiwa umezamisha pua shimoni, Raptor ina gia ya kurudi nyuma. Banshee haina. Unashuka, unashika mkia wa mashine ya kilo 170 na ushee, unainua, unaomba. Hayo huwezi kuyaona kwenye video kwa sababu hakuna mtu anayejirekodi akiomba.

Na kabureta je? Jangwani alfajiri ni baridi na mchana ni tanuri. Hewa ya baridi imeshikana zaidi, inataka petroli zaidi, kwa hivyo jeti uliyoipanga mchana inaweza kuwa ndogo mno asubuhi. Kwenye tu-stroki, petroli ikipungua oili pia imepungua, kwa kuwa zinasafiri pamoja. Pistoni inapata moto, inavimba, inajam. Wenye Banshee wanaojua kazi yao hutembea na kisanduku cha jeti na kusoma rangi ya plagi kama mganga anayesoma bao. Ni ujuzi mtamu, nauheshimu. Ila Raptor 700, tangu ilipotoka 2006, ina injekta na kompyuta inayopima hewa na kurekebisha petroli yenyewe. Msee ameenda mchangani kujibamba, si kufanya mtihani wa kemia kila jua likisogea.

Wenye Banshee wana majibu matatu, na si majibu ya kijinga.

La kwanza ni uzito. Wanasema tu-stroki ni nyepesi, na mchanga unapenda kitu chepesi. Ni kweli kwa baadhi. Honda TRX250R, iliyouzwa kati ya 1986 na 1989, ilikuwa nyepesi na tamu, na mpaka leo kuna watu wanaitafuta kama dhahabu. Lakini anayenipigia kelele ni mwenye Banshee, na Banshee imebeba silinda mbili. Yamaha ilipotoa YFZ450 kwa mwaka wa 2004, fo-stroki ya silinda moja, takwimu zake zenyewe ziliionyesha kuwa nyepesi kuliko Banshee. Kwa hivyo hoja ya uzito mwenye Banshee asiitumie. Itamgeukia.

La pili ni ukarabati, na hapa wana haki zaidi. Tu-stroki unaifungua juu, unatoa pistoni na ringi, unaweka mpya, mchana umeisha na umeshawasha. Fo-stroki za mashindano zina vitu vingi vya kuharibika na vya bei. YFZ450 ina valvu tano za titani kwenye silinda moja; zikichoka, utajua hujui. Sawa. Lakini hiyo ni sababu ya kutochukua injini ya mashindano kwa matembezi ya mchangani. Chukua fo-stroki kubwa isiyo na haraka, usiifanye izunguke kama cherehani, badilisha oili na safisha kichujio cha hewa kila siku ya mchanga, nayo itakaa. Tena tuulizane kuhusu hapa kwetu: ni fundi gani wa pikipiki asiyejua kupanga tapeti? Bodaboda zimezalisha mafundi wa fo-stroki kila kona ya nchi hii. Spea za Boxer haziingii kwenye Raptor, lakini mkono na sikio la fundi vinaingia. Wanaojua tu-stroki vizuri Pwani ni mafundi wa boti, na wao wana wavuvi wanaowasubiri.

La tatu ni sheria. Wanasema fo-stroki haikushinda, ilibebwa na serikali. Mwaka 2002 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilipitisha viwango vya moshi kwa magari ya burudani, vikaanza kugusa modeli za 2006. Na kweli, 2006 ndio mwaka wa mwisho wa Banshee katika soko la Marekani. Wao huliita tukio hilo mauaji. Lakini hesabuni miaka, bana. Honda iliachana na TRX250R baada ya 1989. Suzuki iliachana na LT500R, ile tu-stroki ya kutisha waliyoiita Quadzilla, baada ya 1990. Hakukuwa na EPA mlangoni. Kisha Honda ikaleta TRX400EX kwa mwaka wa 1999, Yamaha ikaleta Raptor 660 kwa 2001, Suzuki ikaleta LTZ400 kwa 2003, na mwaka uliofuata Honda na Yamaha wakaleta 450 zao. Zote fo-stroki. Wanunuzi walikuwa wameshaanza kuhama kabla sheria haijauma. EPA ilifika matangani na kukuta watu wanagawana vyombo.

Kama mnataka ushahidi wa mchanga mtupu, tazameni Dakar. Mashindano hayo yalikuwa na kundi la kwodi hadi 2024, yakipita vilima vya Peru, jangwa la Atacama kule Chile, na baadaye Saudi Arabia. Ndugu wawili wa Argentina, Marcos na Alejandro Patronelli, walishinda mara tano kati ya 2010 na 2016, wote wakiwa juu ya Yamaha Raptor. Watu waliojiandaa mwaka mzima, ambao kukwama kilimani kwao kulimaanisha kulala jangwani, walipochagua injini walichagua ile inayovuta kutoka chini na kuwaka kwa kitufe. Utaniambia Dakar ni safari ndefu, si mbio za kupanda kilima kimoja. Ndiyo, na siku yako ya mchangani pia ni safari. Ni Oldsmobile Hill pekee iliyo mbio za kilima kimoja.

Au uliza Wakenya wanaofanya kazi Dubai. Wengi wameona vilima vyekundu vya huko, na Raptor 700 ni sura iliyozoeleka sana mchangani. Anayekodisha mashine kwa saa, akijua kila inayoharibika inakula faida yake, hana muda wa mapenzi ya mlio. Mimi husikiliza ushauri wa mtu atakayelipia hasara.

Basi kwa nini mhadhara wa Banshee bado unapata waumini Nairobi? Kwa sababu sisi ni watu wa sauti. Tunapanda nganya kwa mziki wake kabla hatujauliza breki. Tunashangilia Subaru inayopasua ekzosi kama bunduki saa nane usiku, na mwenye gari anajua tumesikia, na hiyo inamtosha. Kuna utamu hapo, siukatai, na mji bila kelele kidogo ungekuwa hospitali. Lakini tumezoea kiasi kwamba kitu kisipovuma tunakiona dhaifu. Wazee walishasema debe tupu haliachi kuvuma, nasi tumeligeuza debe kuwa kipimo cha ujazo.

Mchangani tabia hiyo ina bei, na wanaoilipa wanajulikana. Kuna kijana anayeongoza wageni, ambaye akiwa nyuma ya msafara anavuta petroli ambayo haikuungua, siku nzima, msimu mzima. Petroli mbichi ina benzini, na benzini husababisha saratani ya damu. Kuna mgeni aliyewekwa juu ya mashine asiyoijua, akaambiwa "wewe bonyeza tu". Kuna mtoto wa miaka kumi na miwili aliyepandishwa kwodi ya mtu mzima kwa sababu ya picha, ilhali watengenezaji wenyewe wanaandika kwamba kwodi ya mtu mzima ni ya mwenye miaka 16 kwenda juu. Na kuna wawili waliopakatana kwenye kwodi ya michezo, ambayo iliundwa ibebe mtu mmoja, anayehamisha mwili wake kushoto na kulia ili isipinduke. Fo-stroki haitaponya makosa haya yote. Inaondoa moshi mwingi na ule mruko wa ghafla, halafu inabaki kazi yetu.

Tena mchanga si mahali patupu. Kule Glamis, sehemu ya kaskazini ya vilima imefungwa kabisa kwa magari, na anayeingia sehemu iliyo wazi hulazimika kufunga bendera juu ya mlingoti ili anayepanda upande wa pili amwone kabla hawajagongana. Kwetu, vilima vya Shela vinahifadhi maji ya mvua ambayo mji wa Lamu umekuwa ukiyanywa kupitia visima. Sisemi kuna mbio za kwodi Shela. Nasema mashine inayotapika oili kwa maumbile yake isipewe ruhusa ya kufikiri mchanga ni jaa, iwe Mambrui au kwingineko.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa sijawahi kusikia Banshee mbili zikipanda pamoja usiku, kwamba ningezisikia ningetoa machozi. Inawezekana. Watu hulia pia taarabu ikipigwa, na hakuna anayetaka kuipanda kileleni.

Kwa hivyo Desemba hii, ukifika Mambrui na mtu akakuletea kwodi, muulize maswali manne kabla hujatoa pesa. Inawashwa kwa kitufe au kwa kiki? Ina gia ya kurudi nyuma? Helmeti inayonitosha iko wapi, na bendera je? Nikikwama kule nyuma ya kilima, ni nani anakuja kunitoa? Akikujibu yote, panda ukajibambe. Akikujibu kwa kuongeza mafuta ili usikie mlio, rudi ufukweni ukanywe madafu.